Somo la Ghalani: Je, Majivu Yanatosha?



Zinasambazwa kwa simu za mkononi habari kwamba mkulima hana haja tena ya dawa ya ghalani: atie konzi moja ya majivu au pilipili ya unga katika gunia, na nafaka itasalimika mwaka mzima. Mwanachama wa Chapwa, ambaye mahindi na maharage ndiyo chakula chake na ndiyo ada ya shule ya wanawe, yampasa kujua ukweli kabla ya kufunga gunia.

Majivu si uzushi. Wazee waliyatumia, na walikuwa na sababu. Majivu makavu hukwaruza ngozi ya mdudu hata akapoteza maji mwilini. Aidha, hujaza nafasi baina ya punje, mdudu akashindwa kutembea na kupandana. Lakini kazi hiyo yataka wingi. Kwa kunde, kipimo kilichothibitishwa ni madebe 3 ya majivu yaliyochekechwa na kupoa kwa kila madebe 4 ya kunde, kisha tabaka la majivu juu yake. Konzi moja haijazi kitu. Hata kwa kipimo hicho, funza aliyekwisha kuingia ndani ya punje hafi. Kwa hiyo majivu yafaa kwa mbegu ya nyumbani katika chungu au debe. Kwa magunia mia ya chama, majivu hayo yatatoka wapi, na mnunuzi gani atayapokea?

Tena yuko dumuzi, ambaye wakulima walimpa jina la Scania. Aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye hutoboa hata mbao. Huyu hupenda zaidi mahindi yaliyo katika magunzi. Ndiyo maana wakulima walifundishwa kupukuchua kwanza, ndipo wachanganye dawa. Kumtegea dumuzi pilipili kidogo ni kujidanganya.

Lipo jaribio moja la nyumbani ambalo Katibu yeyote aweza kulitumia bila gharama. Twaa chupa kavu, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15: yarudishwe juani. Mahindi mabichi huota kuvu, na sumukuvu haiondolewi kwa majivu wala kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Anayetaka kuepuka dawa, yuko radhi. Atumie mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Nafaka iwe kavu, kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake kwa kamba, na usifunguliwe ovyo. Panya akitoboa tundu moja tu, hewa huingia na wadudu huendelea na kazi yao.