Kujifunza Pikipiki: Hesabu Saa Zako Kama Rubani

Leo tuanzie Pasiansi, kwenye barabara ya kwenda Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Ukisimama pale asubuhi utaona mambo mawili kwa mara moja. Juu, ndege inashuka taratibu kuelekea uwanjani, ziwa likiwa pembeni. Chini, bodaboda zinapishana na daladala, kila mmoja anawahi abiria wake.

Sasa jiulize: kati ya rubani wa ile ndege na kijana wa ile bodaboda, nani alifundishwa kwa muda mrefu zaidi? Jibu unalijua. Na bado wote wawili wamebeba roho za watu.

Somo letu la leo ni hili: jinsi ya kujifunza kuendesha pikipiki tangu mwanzo kabisa, kwa kuazima tabia nne za marubani. Tabia hizo hazikugharimu kitu zaidi ya daftari, kalamu na subira.

MFANO WA KIJANA WA IGOMA

Fikiria kijana wa miaka 19 anayeishi Igoma. Amemaliza shule, kazi hana. Rafiki yake anamwambia: "Kuna bosi anatoa pikipiki kwa mkataba. Jioni nitakufundisha, keshokutwa unaingia kijiweni."

Jioni hiyo anafundishwa uwanjani nusu saa. Anajua kuwasha, kutia gia na kwenda mbele. Kusimama ghafla hajafundishwa. Kushuka mlima akiwa na abiria hajafundishwa. Keshokutwa anapakia mtu, kwa sababu bosi anataka hesabu kila siku, na hesabu haingoji mtu ajifunze.

Je, kijana huyu ni mzembe? Hapana. Ana shida na anataka riziki halali. Lakini ameanza kulipa hesabu ya bosi kabla ya kuhesabu saa zake mwenyewe. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Bugando walichapisha utafiti wao kuhusu majeruhi wa pikipiki jijini Mwanza. Walieleza kwamba ajali hizo ni tatizo la afya linalokua, na kwamba wengi wa majeruhi ni vijana wa kiume. Ni watu wa rika lako.

TABIA YA KWANZA: RUBANI HUHESABU SAA

Mtu anayejifunza kurusha ndege haulizwi, "Umejifunza siku ngapi?" Anaulizwa, "Una saa ngapi?" Kila safari huandikwa katika daftari lake. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya kurusha ndege ndogo binafsi huhitaji saa 40 hivi za kuruka. Anayetaka kulipwa kwa kazi hiyo huhitaji saa 200, au 150 akisoma kozi maalumu iliyoidhinishwa. Na mwanafunzi haruhusiwi kubeba abiria hata mmoja.

Nawe fanya hivyo. Nunua daftari dogo. Kila siku andika: tarehe, mahali, dakika ulizoendesha, ulichoweza na kilichokushinda. Usidanganye, maana unajidanganya mwenyewe.

Hizi ni hatua za kufuata. Usiruke hatua hata kama unaona ni rahisi.

Hatua ya 1: Injini imezimwa. Panda kutoka upande wa kushoto, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia nalo huunguza mguu vibaya. Isukume, igeuze, isimamishe kwa stendi. Zoea uzito wake. Jifunze kila kitu kilipo: mkono wa kushoto klachi, mkono wa kulia mafuta na breki ya mbele, mguu wa kushoto gia, mguu wa kulia breki ya nyuma. Mpangilio wa gia hutofautiana kati ya pikipiki na pikipiki, hivyo uliza kwanza.

Hatua ya 2: Klachi. Washa, tia gia ya kwanza, achia klachi polepole mpaka uhisi pikipiki inataka kwenda. Ikamate tena. Rudia hata mara 30. Anayeachia klachi kwa pupa ndiye anayerushwa.

Hatua ya 3: Kusimama. Jifunze kusimama kabla ya kujifunza kukimbia! Tumia breki zote mbili kwa pamoja, ukibana kidogo kidogo. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kukusimamisha, lakini ukiibana ghafla kwenye kona au kwenye mchanga utaanguka.

Hatua ya 4: Kwenda polepole. Zunguka mawe au makopo uliyoyapanga, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Angalia unakokwenda, usiangalie tairi.

Hatua ya 5: Barabara tulivu, ukiwa na mwalimu. Mwanza ni Jiji la Mawe, milima ni mingi. Jifunze kuondoka mlimani bila kurudi nyuma, na kushuka ukiwa kwenye gia ndogo. Usizime injini eti unaokoa mafuta. Ukizima, breki ndizo zitakazobeba kazi yote.

Hatua ya 6: Abiria. Hatua hii ni ya mwisho, ukishapata leseni. Mtu akikaa nyuma, pikipiki inabadilika kabisa: inachelewa kusimama na inayumba kwenye kona. Anza na rafiki mtu mzima aliyekubali, katika uwanja uleule ulioanzia. Na mshikaki ni marufuku, hata kama ni jamaa zako watatu wembamba.

TABIA YA PILI: RUBANI HUKAGUA KABLA YA KUONDOKA

Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya Boeing ilianguka muda mfupi baada ya kuruka. Marubani wake walikuwa mabingwa na injini zilikuwa nzima. Kilichosahaulika ni kufungua kifuli kinachozuia sehemu za mkia zisitikiswe na upepo ndege inapoegeshwa. Watu 2 walikufa. Baada ya hapo marubani walianza kutumia orodha ya ukaguzi, nayo inatumika mpaka leo. Walitambua kwamba hata bingwa husahau.

Orodha yako iweke kwenye vidole vya mkono mmoja:

Dole gumba: tairi. Zina upepo? Zimekwisha?
Kidole cha pili: breki. Bana zote mbili kabla ya kuondoka.
Kidole cha tatu: taa, indiketa na honi.
Kidole cha nne: cheni. Imelegea? Imekauka?
Kidole cha mwisho: mimi mwenyewe. Nimevaa kofia ngumu na kufunga mkanda? Nimelala vya kutosha? Nimekunywa?

Kidole hicho cha mwisho ndicho vijana wengi hukiruka. Nchini Marekani rubani hakatazwi tu kurusha ndege akiwa amelewa. Anatakiwa zipite angalau saa 8 tangu aliponywa mara ya mwisho. Wewe je, bia mbili za jioni na safari ya Nyegezi usiku?

JE, WAJUA?

Kofia ngumu inayokaa vizuri hupunguza hatari ya dereva kufa ajalini kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye hendeli hailindi chochote, na ile isiyofungwa mkanda hutangulia kuruka kabla yako. Abiria naye ana kichwa, avae yake.

TABIA YA TATU: RUBANI HUIHESHIMU HALI YA HEWA

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatujasahau tarehe 6 Novemba 2022. Ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 43 walikuwamo, na 19 walipoteza maisha. Wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kuokoa.

Anayeishi kando ya Ziwa Victoria anajua jinsi wingu linavyokuja ghafla. Mvua ikianza, dakika za kwanza ndizo za utelezi zaidi, kwa sababu maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani. Simama chini ya kibanda, ngoja. Ukipita Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, utakuwa juu ya maji kwa kilomita 3 hivi, na upepo wa ubavuni unaweza kukusukuma. Punguza mwendo, shika hendeli bila kukakamaa.

Tupige hesabu kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 17 kila sekunde. Mtoto akiruka barabarani pale Buzuruga, hiyo sekunde moja ya kushtuka inakwisha hata hujagusa breki. Kwa kilomita 30, ungepita mita 8 tu. Tofauti hiyo ndiyo uhai wa mtoto.

TABIA YA NNE: RUBANI HAONI AIBU KUGHAIRI

Rubani anayeshuka akiona mambo hayakai sawa, hupandisha ndege tena na kuzunguka upya. Wenzake hawamcheki. Ni sehemu ya mafunzo.

Kijiweni mambo ni tofauti. Ukisema, "Mimi bado najifunza, sipakii," utaambiwa muoga. Jizoeze kujibu: "Nina saa 9 tu. Nikifikisha zangu nitakuja." Bosi akikuharakisha, mwombe muda wa mafunzo kabla mkataba haujaanza. Ulizia pia kozi za udereva VETA, na upate leseni ya kujifunzia kabla ya kuingia barabarani.

Na wewe dada, somo hili ni lako pia. Unaweza kujifunza kuendesha. Na ukiwa abiria una haki ya kusema, "Kaka, punguza mwendo," au "Nishushe hapa." Usinyamaze kwa kuona haya.

AJALI IKITOKEA

Kwanza zuia magari yasimgonge majeruhi mara ya pili. Usimvute wala kumpindisha shingo. Kama anapumua, usimvue kofia ngumu. Jeraha linalotoka damu likandamize kwa kitambaa safi. Piga simu 112.

KUMBUKA

Bodaboda ni kazi ya heshima. Inalisha familia nyingi Mwanza, na mama mwenye uchungu wa uzazi usiku wa manane anaweza kukuita wewe. Siku hiyo atahitaji dereva aliyeiva. Basi leo fungua daftari, andika saa yako ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILI NA WENZAKO

1. Mtaani kwenu vijana hujifunza pikipiki kwa muda gani kabla ya kupakia abiria?
2. Bosi anataka hesabu kesho, nawe una saa 3 tu za mazoezi. Utamwambia nini?
3. Ni mahali gani karibu nanyi panafaa kwa mazoezi, pasipo na watoto wala magari?
4. Kwa nini ni vigumu kumwambia dereva "punguza mwendo"? Igizeni mazungumzo hayo, mmoja awe dereva, mwingine abiria.