Vita si utangulizi

*Mimi ni asistenti katika chuo kimoja hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Mara mbili nimetuma pendekezo kwenye kongamano la ufundishaji wa vyuo vikuu, na mara mbili limekataliwa. Wanasema ni "la jumla mno". Sasa mkubwa wangu katika idara ananiambia nikitanguliza jina lake, litapita. Je, wanatukataa kwa sababu tunatoka Kivu? Nimechoka.*
*Asistenti, Butembo*

Mdogo wangu,

Pendekezo ulilonitumia nimelisoma mara tatu. Aya mbili za kwanza zinasimulia mauaji ya Beni tangu Oktoba 2014, Ebola iliyotangazwa Agosti 2018, na utawala wa kijeshi uliowekwa Mei 2021. Yote ni kweli, nami yananiuma kama yanavyokuuma wewe. Lakini darasa lako linajitokeza kwenye mstari wa mwisho tu, pale unaposema wanafunzi "walishirikishwa". Walishirikishwa vipi?

Jibu nimelipata kwenye barua yako ndefu, si kwenye pendekezo. Uliacha kuwasomea silabasi. Uliwagawa wanafunzi watano watano, ukawapa hesabu ya bei ya kakao ya Beni, wakabishana kwa Kinande na Kiswahili, kisha wakaandika jibu kwa Kifaransa. Waliokimbia vita huko Oicha na kukosa vipindi walipelekewa swali kwa simu ya mwenzao wa kundi. Hilo ndilo pendekezo, ndugu yangu! Umelificha nyumbani, ukapeleka habari ambazo msomaji angeweza kuzisikia redioni.

Hata vita ina nafasi yake humo. Imo kwenye daftari la mahudhurio: nani alikosekana wiki gani, kundi lake lilifanya nini ili asiachwe nyuma. Ukiiandika hivyo, haitakuwa tena utangulizi wa kuombea huruma. Itakuwa sehemu ya kazi yako ya ualimu.

Mwaka 1990, Mmarekani Ernest Boyer alitetea hoja kwamba kufundisha nako kuhesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma. Makongamano ya namna hii yanamtafuta mwalimu aliyejiuliza swali juu ya darasa lake mwenyewe na kulifuatilia. Swali lako linaweza kuwa hili: je, mwanafunzi akijadili hesabu kwa lugha ya nyumbani kwanza, anaiandika vizuri zaidi kwa Kifaransa? Eleza ulichofanya, kwa wanafunzi wangapi, kwa wiki ngapi. Eleza ulichokiona kwenye karatasi zao, pamoja na kile kilichoshindikana. Kisha mwambie mwalimu wa mji mwingine anachoweza kukijaribu kwake. Mfumo wetu wa masomo wa LMD (licence, master, doctorat), uliowekewa msingi na sheria ya mwaka 2014, unataka mwanafunzi afanye kazi yake binafsi. Sentensi moja juu ya hilo inatosha. Wala usihangaike na Kiingereza. AIPU, shirika la ualimu wa vyuo vikuu, linawakutanisha walimu wanaotumia Kifaransa tangu 1980.

Je, wanatukataa kwa sababu ya Kivu? Sitakudanganya: dharau ipo, na viza na nauli vimewazuia wengi wetu ambao kazi yao ilikwisha kukubaliwa. Lakini makongamano mengi huwapa wasomaji mapendekezo yasiyo na majina, na maneno "la jumla mno" safari hii ni ya haki. Yapokee.

Kabla ya kutuma tena, wasomee wenzako. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita zipatazo 54. Chuo kikuu cha UCBC kiko kule, na Chuo Kikuu cha Graben kiko hapo hapo mjini kwako. Barabara ikiwa si salama, piga simu, usome kwa sauti. Mahali ambapo msikilizaji atauliza "walifanyaje hasa?", rekebisha hapo hapo. Na usingoje usiku wa mwisho, mtandao wetu unaujua.

Kuhusu mkubwa wako: mpelekee kazi kwa heshima, mwombe aisome. Akiongeza jambo la maana, aandikwe wa pili. Akisoma tu, mshukuru mwishoni. Lakini hakuwepo darasani wakati wale vijana walipobishana juu ya bei ya kakao. Wewe ulikuwepo, kwa hiyo jina la kwanza liwe lako.