Monita Kuukuu: Itoe Nyumbani Ikiwa Nzima

Ukifungua stoo ya shule nyingi za sekondari, au chumba cha nyuma cha cyber ya zamani, utazikuta: monita zenye mgongo mrefu, zimepangwa hadi karibu na dari, vumbi juu yake. Zilitumika miaka mingi, kisha skrini bapa zikaingia. Hakuna anayezitaka tena, na wengi hawajui zipelekwe wapi.

Nikiandaa makala haya nilizungumza na kijana mmoja anayenunua vyuma kuukuu kwa mzani. Monita hununua, alisema, lakini anachotaka ni koili ya shaba iliyozunguka shingo ya kioo, waya wa umeme na vipande vya alumini. Nilipomuuliza kioo huenda wapi, alinyoosha kidevu kuelekea mtaro ulio nyuma ya kibanda chake.

Shida yote iko hapo. Sehemu yenye soko hutolewa kwa nyundo katika dakika chache, na sehemu yenye sumu, ambayo hakuna anayeilipia, huachwa kwenye mtaro unaopita karibu na nyumba za watu.

Kilichomo ndani

Monita ya inchi 17 ya aina hiyo hufikia kama kilo 16, na sehemu kubwa ya uzito huo ni kioo. Ndani ya kioo hewa imeondolewa. Elektroni hurushwa kutoka shingoni hadi usoni kwa umeme unaozidi volti 20,000, zikagonga unga maalum uliopakwa nyuma ya uso, na picha ikaonekana. Mgongano huo hutoa pia mionzi ya eksirei. Ili mionzi hiyo isimfikie mtu aliyeketi mbele, watengenezaji walichanganya risasi katika kioo. Risasi hapa ni ile metali laini na nzito inayopatikana pia katika betri za magari.

Risasi haikugawanywa sawasawa. Uso wa mbele kwa kawaida una bariamu na strontiamu badala yake. Sehemu ya nyuma, ile inayofanana na faneli, ndiyo iliyobeba mzigo: kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito wa kioo chake ni oksidi ya risasi. Unga wa picha nao una zinki, na katika baadhi ya monita za zamani sana una kadmiamu. Bodi za umeme zimeunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na plastiki ya nje mara nyingi ina kemikali za kuzuia moto ambazo hazifai kuvutwa puani inapochomwa.

Niseme wazi ili nisimtie mtu hofu bure: monita nzima iliyokaa mezani haimdhuru anayeitumia. Risasi imefungwa ndani ya kioo. Hatari huanza kioo kinapovunjwa kikawa vipande na vumbi, kinapochomwa, au kinapolala miaka katika jaa la taka ambako maji yenye asidi hukitafuna polepole.

Vumbi hilo mtoto hulishika akicheza, kisha hutia kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Huathiri ubongo unaokua, na mtoto akashindwa kushika masomo bila yeyote kujua sababu. Kwa mama mjamzito, risasi iliyohifadhiwa katika mifupa yake hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Mara nyingi hakuna dalili za kuonekana kwa macho. Ni kipimo cha damu tu kinachoonyesha.

Kenya inalijua somo hili kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi katika damu, udongo na maji. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe Sh1.3 bilioni, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Zile zilikuwa betri, na kiasi chake kilikuwa kikubwa mno. Lakini metali ni ile ile, na mtaro mmoja wenye vioo vya monita 50 hauhitaji kiwanda ili kuwa tatizo la majirani.

Kinachofanyika kiwandani

Kuchakata kwa usalama huanza na umeme. Monita inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa, ndiyo maana fundi aliyefunzwa huimaliza chaji hiyo kwanza. Kisha huruhusu hewa iingie ndani ya kioo taratibu kupitia tundu dogo. Anayepiga nyundo bila kufanya hivyo huona kioo kikijibomokea kwa ndani na vipande vikaruka hadi machoni.

Baada ya hapo koili ya shaba hutolewa, na uso hutenganishwa na faneli kwa waya wa moto au kwa msumeno. Unga hunyonywa kwa mashine yenye chujio, mfanyakazi akiwa amevaa barakoa. Faneli inaweza kupelekwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha risasi, ambako metali hurejeshwa. Zamani kioo hicho kilitengenezewa monita mpya. Aina hiyo ilipoacha kutengenezwa, soko lake lilikufa, na leo kukishughulikia ni gharama. Bodi za umeme hali yake ni tofauti. Zina dhahabu, fedha na paladiamu kwa kiasi kidogo, na viwanda kama Umicore kilichoko Hoboken, Ubelgiji, huzitoa. Usafirishaji wa taka hatari nje ya nchi unasimamiwa na Mkataba wa Basel, ambao Kenya ni mwanachama.

Skrini bapa nazo zisidharauliwe. Zile za mwanzo, kabla ya kuja kwa LED, zina taa nyembamba zenye zebaki nyuma ya kioo. Kiasi ni miligramu chache tu kwa kila taa, lakini taa hizo huvunjika kwa urahisi mno, na mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki.

Sasa ufanye nini

Ikiwa bado inafanya kazi, mpe anayeihitaji. Ikiwa imekufa, usiifungue, usiichome, wala usiitie kwenye pipa la takataka za kawaida. Iulizie ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo yako, au ipeleke kwa mchakataji mwenye leseni ya NEMA. WEEE Centre ya Nairobi, kwa mfano, hupokea taka za kielektroniki kutoka kwa shule, mashirika na watu binafsi.

Wakuu wa shule za umma wana hatua moja zaidi. Monita zikiwa kwenye rejista ya mali, Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inataka zipitie kamati ya uondoaji. Kumbukumbu za kamati zikishaandikwa, omba mchakataji akupe cheti cha kuonyesha zilipoishia, kikae kwenye faili.

Kwako fundi wa jua kali au mnunuzi wa vyuma: hatukuambii uache riziki. Nunua monita ikiwa nzima, ziweke pamoja mahali pasiponyeshewa, kisha ziuze kwa wingi kwa mchakataji. Jadili bei ya mzigo wote kabla ya kuukabidhi, kwa sababu anajua vizuri kwamba shaba na bodi zimo ndani.

Kioo kikivunjika nyumbani, waondoe watoto na ufungue madirisha. Usifagie kikavu, vumbi litapaa. Vaa glavu, okota vipande vikubwa, kisha pangusa vilivyobaki kwa karatasi au kitambaa kilichoroweshwa. Tia vyote, pamoja na kitambaa, kwenye ndoo yenye kifuniko, uandike juu yake kilichomo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Na unapoisafirisha, iinueni wawili na muilaze juu ya blanketi uso ukitazama chini, kwa kuwa uzito mwingi uko mbele. Muifunge kwa kamba. Bodaboda haifai kwa kazi hii. Tafuta tuktuk au pikapu.