Zima Skrini ya Mwanzo, Ingia Kazini Moja kwa Moja

Unafungua Word uandike barua ya ofisi. Badala ya karatasi tupu, unapokelewa na violezo vya wasifu, kalenda na vipeperushi. Skrini hiyo ilikuja na Office 2013, na humfaa anayejifunza. Wewe unayejua unachokitaka inakuchelewesha tu. Fanya hivi.

Izime kabisa. Bofya File, Options, kisha General. Shuka chini, uondoe tiki palipoandikwa “Show the Start screen when this application starts”. Bofya OK. Kuanzia hapo Word itafunguka kwenye karatasi tupu. Excel na PowerPoint zina mipangilio yao, kwa hiyo rudia huko pia.

Kompyuta si yako? Usiguse mipangilio ya watu. Word ikifunguka, bonyeza Esc. Utapata karatasi tupu papo hapo.

Nenda kwenye faili bila kuzunguka. Ikoni ya Word ikiwa kwenye upau wa chini wa Windows, ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi. Utaona faili ulizozitumia karibuni. Ile ya kila siku, kama ripoti ya mauzo, ibandike kwa alama ya pini. Haitasukumwa na nyingine.

Zoeza vidole. Ctrl+N huleta karatasi mpya. Ctrl+F12 hufungua dirisha la kuchagua faili kwenye folda zako, na F12 hukupa Save As. Kwenye laptop nyingine utahitaji kushikilia Fn pia.

Tengeneza kiolezo chako. Andaa barua yenye nembo na anwani ya ofisi, uihifadhi kama Word Template, kisha uiweke kwenye desktop. Ukiibofya mara mbili, Word hukupa nakala mpya. Ya asili inabaki salama, na hutatafuta tena barua ya mwezi jana ili uandike ya leo.

Unatumia LibreOffice? Usianzie kwenye ikoni ya LibreOffice yenyewe. Fungua Writer au Calc moja kwa moja, na ukurasa wa mwanzo hutauona.

Ila kama kila asubuhi unachagua faili kwenye orodha ya skrini ya mwanzo, iache. Inakufanyia kazi. Kama kila siku unaipita tu bila kuisoma, izime leo.