Mtambo wa Vali na Chumvi ya Pwani

Watu wengi waijua Mombasa kwa Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno tangu mwaka 1593 hata 1596. Fundi wa redio aijua kwa jambo jingine, nalo ni chumvi. Upepo huileta kutoka baharini, ikapenya madirishani mwa Mji wa Kale na kutua juu ya kila kitu, hata ndani ya mitambo ya redio. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, wapenzi wa redio wa Kenya waliozungumza na ulimwengu kwa mitambo yao wenyewe walitambulishwa kwa herufi VQ4. Baadaye zikawa 5Z4. Mtu arithiye mtambo wa kukuza nguvu wa siku zile hutamani kuuwasha papo hapo. Asifanye hivyo.

Vali ya mtambo huo ikiwa ni 813, uzi wake hutaka volti 10 tu, lakini bamba lake huweza kupewa volti 2,000, hali umeme wa nyumbani ni volti 240. Umeme huo mkali huwekwa akiba ndani ya kapasita, na kapasita haijui kwamba mtambo umezimwa. Kwa sababu hiyo waundaji huweka rezista ya kuumwaga. Kapasita ikiwa ya maikrofaradi 10 na rezista ya omu 100,000, volti 2,000 hushuka kwa sekunde 5 hata zikabaki 13 hivi. Lakini rezista hiyo hula wati 40 muda wote mtambo uwakapo, na kwa joto hilo mara nyingi ndiyo ifayo mapema. Ikikatika, umeme hubaki humo, na atiaye mkono huweza kuuawa na mtambo usio na plagi.

Basi fundi ang'oe plagi, angoje dakika kadhaa, kisha apime kwa mita iwezayo kustahimili volti hizo. Akizikuta, azimwage kwa rezista nene iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu ya plastiki, upande wake wa pili ukiwa umeungwa na sanduku la chuma. Mkono mwingine na uwe mfukoni. Wala asiifanye kazi hii akiwa peke yake.

Sasa atazame chumvi. Mwenye mtambo husema kwamba adhuhuri hufanya kazi vizuri, lakini alfajiri hutoa cheche na kukata fyuzi. Si uchawi. Chumvi hufyonza unyevu wa hewa, na alfajiri ya Mombasa ina unyevu mwingi. Ndipo vigae vya kuzuia umeme hugeuka njia ya umeme. Mafundi wengi huvifuta kwa spiriti, wakashangaa ugonjwa ukirudi baada ya siku chache. Sababu ni kwamba chumvi haiyeyuki katika spiriti, ila kidogo mno. Huyeyuka katika maji. Hata vyuma vya merikebu Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa tangu 1977 hata 1980, havikuweza kuhifadhiwa bila kutolewa chumvi kwanza. Vigae na vioshwe kwa maji yaliyotoneshwa, kisha spiriti iyafukuze maji, kisha vikaushwe kabisa. Transfoma isiguswe na maji hata kidogo.

Kabla ya kurudisha vali, mtambo uunganishwe na umeme kupitia balbu ya wati 100, ya namna ya zamani yenye uzi. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni habari njema. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, pana mahali umeme unapita njia ya mkato, na mara nyingi ni kapasita iliyooza au transfoma iliyoungua.

Vali zikiisha kurudishwa, bamba likawa jekundu hali mtambo hautumi chochote, uzimwe mara moja: yamkini volti hasi za gridi zimepotea. Kapasita ndogo ya upande huo, iliyokauka kwa miaka, ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mpya iwe na volti zilezile au zaidi, na ncha yake chanya ielekezwe kwenye sanduku ikiwa sanduku ndilo upande wa chanya. Hapo ndipo wengi huigeuza, nayo hupasuka.