Bakteria Wakazi na Maradhi ya Ndege wa Mwituni

Litajwapo neno bakteria, watu wengi hukumbuka kipindupindu, kifua kikuu au homa ya matumbo. Fikira hiyo si ya uongo, bali ni pungufu. Katika matumbo ya kila ndege, juu ya ngozi yake, katikati ya manyoya na hata kwenye utando laini wa macho, huishi bakteria wa aina nyingi ambao kwa kawaida hawamdhuru. Hao ndio bakteria wakazi. Kiini cha maradhi kiingiapo mwilini hakikuti nyumba tupu. Hukuta wenyeji waliokwisha kutwaa nafasi na chakula, na baadhi yao hutoa kemikali za kuwaua wageni au kuwazuia wasizaane.

Wafugaji wa kuku walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufaidika na maarifa haya. Mwaka 1971 kuku wa Finland walienea bakteria wa Salmonella, na mwaka 1973 Esko Nurmi na mwenzake Rantala walieleza jinsi vifaranga wachanga walivyokingwa kwa kunyweshwa bakteria waliotolewa katika matumbo ya kuku wazima. Sababu yake ni rahisi kufahamika. Kifaranga anayelelewa na mamaye hudonoa kinyesi chake na kuwapata wakazi wake siku za mwanzo kabisa. Aliyeanguliwa kwa mashine hakutani na kuku mzima, na tumbo lake hubaki wazi kwa yeyote atakayetangulia kufika.

Kwa ndege wa mwituni uchunguzi ni mgumu zaidi, kwani mgonjwa hufa kichakani bila ya kuonekana. Hata hivyo, ugonjwa mmoja ulitokea machoni pa watu. Mapema mwaka 1994, katika vitongoji vilivyo karibu na mji wa Washington, Marekani, watu waliozoea kuwawekea ndege nafaka nje ya nyumba zao waliona ndege wadogo wa jamii ya chiriku, Haemorhous mexicanus, wakiwa na macho yaliyovimba na kutoa usaha. Kiini chake kilikuwa Mycoplasma gallisepticum, bakteria ambaye wafugaji wanamjua kwa mafua sugu ya kuku. Ndege aliyefumba macho haoni punje wala hamwoni mwewe. Katika miaka michache maradhi yalienea mashariki yote ya nchi ile, na mahali pengi idadi ya ndege hao ilipungua sana.

Swali lililowashughulisha wataalamu ni hili: je, bakteria wakazi wa jicho wana sehemu yoyote katika ugonjwa huo? Jaribio lililofanywa Virginia na kutangazwa mwaka 2017 lilitumia hila nzuri. Mycoplasma hana ukuta wa seli kama walio nao bakteria wengi. Kwa hiyo ipo dawa ya antibiotiki inayowashambulia wenzake huku yeye ikimwacha salama. Ndege wazima waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilitiwa dawa hiyo machoni ili kuvuruga wakazi, na jingine halikupewa dawa yenyewe. Kisha wote waliambukizwa.

Wale waliovurugiwa wakazi wao waliugua vibaya zaidi, macho yakavimba kuliko ya wenzao. Mtu angeweza kudhani kwamba viini vilizaliana zaidi kwa kukosa wa kuvizuia, na basi. Lakini hata hesabu ya viini ilipozingatiwa, tofauti ya uvimbe ilibaki pale pale. Zaidi ya hayo, viini vilivyotolewa katika macho hayo vilionekana kubadilika: vilishikamana na seli kwa nguvu zaidi, na kimeng'enya chao kinachokata sukari zilizo juu ya seli kilifanya kazi kwa ukali zaidi. Hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza. Kuwapo kwa wakazi hakuhusiani na idadi ya mgeni tu, bali pia na tabia yake.

Mfano wa pili ni hudihudi, ndege mwenye kishungi ambaye hata Afrika Mashariki anaonekana akidonoa wadudu ardhini. Kiota chake kina sifa mbaya ya kunuka. Kama ndege wengi, hudihudi ana tezi ya mafuta juu ya mkia, na mafuta yake kwa kawaida ni meupe yasiyo na harufu. Lakini jike anapotaga na kuatamia, mafuta hayo huwa ya rangi ya kahawia na hutoa uvundo; makinda nao huwa hivyo hivyo wawapo kiotani. Wataalamu wa Hispania waligundua kwamba mafuta hayo meusi yamejaa bakteria, hasa wa jamii ya Enterococcus, na kwamba baadhi yao hutoa protini ndogo za kuwaua bakteria wengine. Makinda yalipodungwa antibiotiki, kemikali kadhaa zilitoweka katika mafuta yao, na nguvu ya kuua vijidudu ikapungua.

Jike huyapaka mayai mafuta hayo kwa mdomo wake. Yai hutoka likiwa na rangi ya kijivu au ya samawati hafifu, kisha hugeuka kuwa ya kahawia kadiri linavyopakwa. Ganda lake lina vishimo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo huyashika mafuta pamoja na bakteria waliomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mipako hiyo huongeza idadi ya mayai yanayoanguliwa. Ikumbukwe kwamba Enterococcus faecalis huyo huyo huweza kumletea binadamu maradhi hospitalini. Ukazi si cheti cha tabia njema, bali hutegemea mahali na mwenyeji.

Goregore, ndugu wa hudihudi wanaotembea kwa makundi mitini, nao wana bakteria katika tezi hiyo. Aina moja iliyopatikana kwao ilipewa mwaka 2003 jina la Enterococcus phoeniculicola. Kuhusu asili ya wakazi hawa, makinda ya hudihudi yamehamishwa kutoka kiota kimoja hadi kingine ili kuona yatafuata ukoo au malezi. Mazingira ya kiota yalionekana kuwa na uzito kuliko ukoo. Kwa hiyo tundu la mti lililotumiwa na hudihudi waliotangulia huwa na mabaki ya bakteria wao, na mti huo ukikatwa, makinda ya msimu ujao hupoteza makazi na sehemu ya wakazi wao kwa pamoja.