Mtaji na pesa za matumizi zisilale fundo moja

Kwako shangazi,
Nauza omena sokoni Busia. Jioni hurudi na pesa za Kenya na za Uganda nimezifunga kwenye ncha ya leso. Nikiwa nazo sipati usingizi, na ndugu akiomba siwezi kumnyima. Asubuhi nakopa kwa simu ninunue mzigo. Mume wangu ananiita mbadhirifu. Je, ni kweli?
Muuza Omena, Busia

Mwanangu,
Sioni ubadhirifu katika barua yako. Naona mtaji uliochanganyika na pesa za matumizi, hata wewe hujui zipi ni za nini. Pesa za namna hiyo humtia mtu wasiwasi, kwa kuwa kila mwenye shida huonekana ana haki nazo, nawe unatoa ili moyo utulie. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichunguza jambo hili hapo Busia, katika mji wa Bumala, katika utafiti uliochapishwa 2013. Baadhi ya wafanyabiashara wadogo walifunguliwa akaunti zisizo na riba, tena zenye ada ya kutoa pesa. Kwa hesabu ya kawaida hizo ni hasara. Hata hivyo, akina mama wa sokoni waliofunguliwa waliweka akiba zaidi na kutia pesa zaidi katika biashara kuliko wenzao wasiofunguliwa. Wanaume wa boda boda hawakuonyesha mabadiliko hayo, kwa hiyo sisemi akaunti ni dawa ya kila mtu. Ila akina mama wale hawakufundishwa tabia mpya. Walipewa tu mahali pa kuweka pesa.

Mumeo huenda akasema shilingi ni shilingi, kuitenga ni kujidanganya. Dukani ni kweli, moyoni sivyo. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2017, alionyesha kwamba watu hugawa pesa akilini kwa mafungu, na fungu huamua matumizi. Waluo wa magharibi mwa Kenya walilijua hilo kitambo: pesa za kuuza ardhi ya ukoo kwao ni pesa chungu, haziingizwi katika mahari.

Pengine utaona ni uchoyo kumnyima ndugu. Basi mtengee fungu lake. Likiisha, mwambie limeisha, na utakuwa umesema kweli. Lakini usirundike akiba huku deni la simu linakula faida yako. Hilo lilipwe kwanza.

Kwa hiyo, jioni badilisha noti za Uganda kabla hujaondoka sokoni. Pesa za mzigo wa kesho zipeleke kwenye akaunti, kisha gawa zinazobaki: deni, chakula, ndugu. Mwoneshe mumeo mafungu hayo, mkae mhesabu pamoja, naye aache kukupa jina usilostahili.